Nililipa ada ili mtoto asicheze

Nasari ya kwanza niliyompeleka binti yangu ilikuwa na bembea mbili za kamba na gurudumu la lori lililofukiwa nusu ardhini na kupakwa rangi ya manjano. Ilikuwa Februari 2019, Zuhura ana miaka 3. Baada ya wiki chache nikamwuliza mwalimu watoto hucheza kwa muda gani. Akajibu bila wasiwasi: "Nusu saa asubuhi, nusu saa tena baada ya uji, na wakichoka kukaa tunawatoa." Nikapiga hesabu ya siku tano za wiki. Muhula wa pili nikamhamisha.

Nilimpeleka kwenye nasari nyingine ya ghorofa, hapa hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, isiyo na uwanja kabisa. Ada yake ilikaribia kuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Watoto wa bebi, mwaka wa kwanza wa nasari, walikuwa na madaftari matatu kila mmoja, na Ijumaa walirudi na karatasi za kazi ya mwisho wa juma. Siku nilipoona Zuhura amejaza ukurasa mzima herufi moja tu, a, a, a, nilipiga picha. Mimi ni wakala wa forodha, nashinda mpakani na wenzangu tukisubiri malori, na mle ndani ya kontena tunaloliita ofisi tulikuwa tukionyeshana madaftari ya watoto kwenye simu kama wengine wanavyoonyeshana magari.

Kwa asiyejua mambo yetu: nasari Uganda ni miaka mitatu, bebi, mido na topu, na nyingi mno ni za watu binafsi. Elimu ya msingi bila ada, iliyoanza 1997, inaanzia darasa la kwanza. Kabla ya hapo mzazi anajitegemea. Na kwa kuwa shule nyingi za kulipia huwafanyia watoto intavyuu kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, mwenye nasari anajua mzazi anataka kununua nini. Anataka mtoto wa miaka 4 anayeandika jina lake. Bembea haiuziki. Upo mwongozo wa serikali wa mafunzo ya watoto wa miaka 3 hadi 6, uliotolewa 2005, unaosisitiza kwamba mtoto wa umri huo hujifunza kwa kucheza. Niliusikia miaka mingi baadaye, na sikumbuki mwenye nasari yeyote aliyewahi kunitajia.

Ajabu ni kwamba mimi mwenyewe nilicheza hadi magoti yakachubuka. Nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, katika vile vibanda vya bati ambavyo watu wa kambini huviita "mama ingia pole", na jina linajieleza lenyewe. Ndani hapakuwa na nafasi ya mtoto kufanya chochote ila kulala, kwa hiyo tuliishi nje. Baba alikuwa Msoga wa Iganga, mama Mlugbara, majirani Waacholi, Wateso, Wanyankole. Kiswahili hiki ninachokiandika nilikiokota uwanjani, kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ambayo sote tungeweza kuitumia kugombania goli. Tulifinyanga mipira ya byayi, yale magamba makavu ya mgomba, tukaifunga kwa kamba. Wasichana walicheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, na sisi tukijifanya hatutaki kuingia. Tulicheza polisi na wezi pia, na watoto wa maaskari sote, bila kubakiza hata mmoja, tulitaka kuwa wezi.

Sikumaliza sekondari. Ukweli ni kwamba baba alistaafu na ada ikakosekana. Lakini kichwani nilikuwa nimejitungia hadithi nyingine, kwamba nilicheza mno. Ni nafuu kuulaumu mpira kuliko kumlaumu baba. Hadithi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiilipia ada.

Kisha ikaja tarehe 20 Machi 2020, shule zote nchini zikafungwa. Wengi wanakumbuka kwamba watahiniwa waliitwa Oktoba mwaka huo, wengine wakafuata kwa zamu, na Juni 2021 kukafungwa tena. Wa nasari hawakuitwa hata mara moja hadi Januari 2022. Zuhura aliondoka mido akiwa na miaka 4, akarudi mbele ya mwalimu akiwa na 6.

Nilinunua ubao, chaki na kitabu cha mazoezi. Saa moja asubuhi kabla sijatoka, na jioni kabla ya kafyu, tulikuwa shule. Kazi yetu mpakani haikusimama kwa sababu mizigo ilipita, lakini madereva wa malori walikuwa wakipimwa na kuogopwa, na sisi tunaoshika karatasi zao tukaogopwa pamoja nao. Nilirudi nyumbani na hasira za mchana kutwa, nikazimalizia kwenye herufi b na d. Wiki ya pili Zuhura alianza kuumwa tumbo kila akiuona ubao. Wiki ya tatu ubao ukatoweka. Nilipomwuliza mke wangu akasema umeibwa. Ubao kuibwa ndani ya chumba chenye kufuli mbili! Niliukuta miezi minane baadaye nyuma ya kabati, na sikusema kitu.

Tulikuwa tunapanga kwenye mizigo, ndivyo Waganda wanavyoviita vyumba vya kupanga vilivyoshikana. Saba vinauzunguka ua mmoja, mwembe katikati. Mwenye nyumba ni bibi wa Kinubi kutoka Bombo, mjane wa askari, sote tunamwita Hajati. Ua ule ulikuwa na watoto kumi na mmoja, mdogo kabisa ana miaka 2 na mkubwa 13. Siku za kawaida huwezi kuwaona pamoja, kila mmoja yuko kwa darasa lake na rika lake. Ugonjwa ndio uliowarudisha wote chini ya mwembe mmoja.

Juni malaria ikanilaza kitandani karibu wiki nzima, kitanda kimegusana na dirisha. Kwa mara ya kwanza niliwatazama bila kuwa na mahali pa kwenda.

Walikuwa wanacheza mpaka. Fimbo ilikuwa imelazwa juu ya matofali mawili kuwa kizuizi. Mawe yalikuwa malori. Majani ya mwembe yalikuwa hati, makubwa ya mizigo, madogo ya abiria. Mvulana mmoja alikuwa bodaboda, amekamata kijiti kwa mikono miwili na kunguruma. (Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa hapa mpakani kwetu, enzi za baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo kimoja hadi kingine, na wazee wa Busia hawachoki kukukumbusha.) Zuhura alikuwa wakala wa forodha. Alikuwa mimi. Alilichukua jani, akaligeuza nyuma na mbele, akasema: "Hii haina muhuri, mzee. Rudi kesho." Kisha akaweka ganda la sabuni sikioni akasema, "Nipo njiani, nipo njiani, nakaribia kufika," naye ameketi tuli juu ya jiwe. Nilicheka mpaka homa ikapanda.

Lakini niliendelea kutazama. Mtoto wa miaka 3 alitaka kuwa dereva, na madereva walikuwa wametimia. Akaanza kulia. Zuhura na msichana yule wa miaka 13 wakakaa kikao, wakamfanya yeye kuwa lori lenyewe. Alifurahi kuliko madereva. Mwingine akataka kuvuka bila jani, wakabishana kama sheria inamruhusu mjamzito kupita kwanza, na kama mvulana anaweza kuwa mjamzito. Hakuna mtu mzima aliyewaita kuamua. Mwishowe mbuzi wa Hajati akaingia akazila hati zote za forodha, kikao kikavunjika kwa huzuni ya kweli.

Huzuni ile ndiyo iliyonikaa. Wasingelilia majani ya mwembe, mwembe mzima ulikuwa juu ya vichwa vyao. Walilia hati. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanasaikolojia wa Kisovieti, Lev Vygotsky, alilieleza jambo hili tangu 1933 kwa mfano wa mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi: hapo ndipo akili inapojifunza kuitenga maana na kitu chenyewe. Mimi nilikuwa nampigania mtoto akubali kwamba kijistari chenye tumbo ni sauti ya b, na yeye uani alikwisha kukubaliana na wenzake kumi kwamba jani ni hati, sabuni ni simu na mtoto ni lori, wakayashika makubaliano hayo asubuhi nzima.

Hajati naye alikuwa na lake. Alichimba mweso, bao la kwetu Uganda, chini ya mwembe, safu nne za mashimo manane, thelathini na mawili kwa jumla, akatafuta kete 64, akawa anacheza na yeyote atakayekaa mbele yake. Hakumfundisha mtu. Ukikosea anakula kete zako na kucheka. Zuhura alikaa pembeni wiki nyingi kabla hajaruhusiwa kushika. Mwaka 2021 ulipofika nusu, alikuwa anaweza kutazama shimo lenye kete tano au saba na kuonyesha kwa kidevu litaishia wapi kabla hajaligusa. Nilimjaribu kwa maharage mezani, nikamwuliza saba na tano ni ngapi. Akaniomba nimchoree mashimo kwanza.

Sitaki mtu aone hapa kwamba kufungwa kwa shule kulikuwa neema. Yule msichana wa miaka 13 aliyeendesha ua mzima, aliyepatanisha, aliyewafuta kamasi wadogo na kuwagawia majukumu, alikuwa darasa la sita shule zilipofungwa. Zilipofunguliwa hakurudi. Siku hizi namwona stendi akiuza mayai ya kuchemsha, na ananiamkia, "Shikamoo, Baba Zuhura." Wangu alilelewa na mchezo, na sehemu ya gharama ililipwa na mtoto wa jirani.

Januari 2022 nilimpeleka Zuhura kwenye intavyuu ya darasa la kwanza, shule moja ya kulipia. Wakampa karatasi aandike moja hadi mia. Akafika ishirini, na 3 zote ameziandika zikitazama upande usio wao. Akapewa habari ya Kiingereza asome, akamwuliza mwalimu kwa nini dirisha limepigiliwa misumari. Mwalimu akanirudishia karatasi: "Mdomo anao. Mrudishe topu." Nilijisikia aibu kubwa, sitadanganya. Njiani nilimsema mtoto, naye akanisikiliza kwa adabu halafu akaniuliza swali lile lile la dirisha.

Shule nyingine ndogo ikampokea, nadhani kwa kuwa walihitaji wanafunzi. Muhula wa kwanza alikuwa wa mwisho katika kusoma. Muhula wa pili akasogea. Mwisho wa mwaka alikuwa anasoma kama wenzake, wakiwamo waliotoka nasari zenye madaftari matatu, na hesabu alikuwa amewaacha. Mwalimu wake aliniambia kitu ambacho sikutarajia kukisikia kwenye mkutano wa wazazi: kwamba wakigombana darasani yeye ndiye anayeitwa, na kwamba akikosea jibu halii, anauliza tena. Sijui ni kwa kiasi gani ni mwembe na ni kwa kiasi gani ni damu ya mama yake.

Ungedhani nilikuwa nimejifunza. Hapana.

Swaleh alizaliwa Juni 2021. Alipoanza kutembea, mama yake alikuwa amepata meza sokoni, Zuhura yuko shule, watoto wa ua wako shule, na nyumbani amebaki yeye na dada wa kazi. Nilimnunulia simu ya zamani nikaijaza katuni. Ilikuwa raha. Mtoto halii, hachafuki, haparamii kabati. Akawa na miaka 2 na miezi 4, na maneno yake yote ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, mojawapo likiwa sauti ya tangazo.

Oktoba 2023, ile miezi ambayo watoto hupewa vitamini A na dawa ya minyoo, nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo, akamwita kwa jina mara tatu, Swaleh hakugeuka. Akapiga makofi nyuma yake, akatikisa funguo upande huu na upande ule. Hapo akageuka. Akaniandikia twende hospitali akapimwe masikio vizuri, "kwanza masikio, Baba, kabla hatujasema lolote," na masikio yalikuja kuonekana mazima. Lakini siku ile ile, akiandika, aliniuliza: "Nyumbani nani anacheza naye?"

Nikasema, "Ana simu."

Hakucheka. Akaniuliza kama simu humjibu anaposema kitu. Kisha akachukua kopo la plastiki mezani kwake, akaliweka kichwani mwake kama kofia, akakaa kimya. Swaleh akamtazama. Akalivua, akalitoa mbele. Mwanangu akalichukua, akajivika, na akacheka sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. "Umeona? Sasa ni zamu yako," muuguzi akaniambia. Zamu yangu ilikuwa kuvaa kopo mbele ya foleni ya akina mama ishirini. Nilivaa.

Alichonifundisha ni kidogo na ni kigumu. Kaa chini, uso wako uwe sawa na wake. Ngoja aanze yeye. Akigonga sufuria, gonga, akinyamaza, ngoja, akitoa sauti, mrudishie neno. Usimchezee, cheza naye. Vitu vya dukani havihitajiki: vifuniko vikubwa asivyoweza kumeza, chupa yenye maharage iliyofungwa kwa gundi, kanga ya kujifunika uso na kufunuka. Mimi niliyezoea kuongoza malori sikujua kungoja. Nusu ya kwanza ya saa ilinichosha kuliko kushusha mzigo. Nilikuwa namwambia "sema kijiko, sema kijiko", naye anakitazama tu, mpaka siku niliponyamaza na kukifanya kijiko kilale, kikorome. Akakifunika kwa kitambaa. Akasema, "Lala."

Simu tuliiondoa. Siku tatu za vilio, na aliyezibeba ni dada wa kazi. Nilikuwa nimemlaumu yeye kwa simu ile, msichana anayepika, anayefua nguo za watu watano na kuchota maji, kana kwamba baada ya hayo yote alikuwa na mikono ya kuchezea. Tukapunguza: nguo zangu nafua mwenyewe Jumapili. Saa moja tuliyompunguzia ndiyo Swaleh aliyoipata. Nilikuja kuona kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipendekeza mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku. Wangu alikuwa anamaliza saa yake kabla ya chai ya asubuhi.

Usiku mmoja ndani ya kontena, nikisubiri lori lililokwama, nilisoma habari za Jamaika. Miaka ya 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya saa moja kwa wiki, miaka miwili, kumwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakupata ziara za kuchezewa. Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Mmoja akauliza kama hao wahudumu wa afya walikuwa wanafundisha kusoma. Nikasema hapana, walikuwa wanacheza. Akasema, "Basi hujasoma vizuri." Simlaumu, ningesema hivyo hivyo.

Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wangu niliwanyima hata uwanja.

Swaleh alipofika miaka 3 alikuwa anaunga sentensi, Kiswahili na Kinubi cha Hajati vikichanganyika. Huenda angesema tu, wapo watoto wanaochelewa, muuguzi mwenyewe alinitahadharisha hivyo. Sasa ana mchezo wa kunikamata nikirudi: ananizuia mlangoni kwa fimbo na kudai karatasi. Nikimpa risiti ya mafuta anaitazama, anatikisa kichwa, ananirudisha hadi kwenye mwembe.

Februari 2025 nilimpeleka bebi. Nilipita ile nasari ya ghorofa bila kusimama, nikaenda kwenye ile ya kwanza. Gurudumu bado lipo, rangi imechujuka, bembea imebaki moja. Mwalimu ni yule yule, hakunikumbuka. Nikamwuliza watoto hucheza kwa muda gani. "Nusu saa asubuhi, nusu saa baada ya uji," akasema, safari hii akijitetea kidogo. Nikamwuliza kama haiwezekani kuongeza.

Alinitazama kama mtu anayepimwa. "Mzee, wazazi wanalalamika. Kuna mmoja zamani alimhamisha binti yake kwa sababu hiyo hiyo, na alikuwa mtoto mzuri."

Nikamwuliza ada inalipiwa wapi.